Kununua RAV4 iliyotumika: usiulize ya mwaka gani, uliza ina injini gani

Mtu akitaka gari ya juu kidogo, sio kubwa sana, ya kukaa nayo miaka kumi na kitu, jina la kwanza linalomtoka mdomoni ni RAV4, na simlaumu, hata mi ni mtu wa RAV4. Ila kinachoniuma ni pale anapouliza "hivi hii gari ni ngumu?" alafu anajibiwa haraka haraka "ngumu mno, we chukua tu, si Toyota hiyo". Jibu hilo limewatia watu hasara, manake RAV4 sio gari moja. Ilitoka Japani Mei 1994, toka hapo imebadilishwa kizazi baada ya kizazi, na ndani ya kizazi kimoja unakuta injini tatu nne tofauti ambazo tabia zao hazifanani hata kidogo. Gari mbili zinaweza kuwa zimepaki pamoja, bodi moja, rangi moja, moja ikaenda kilomita laki tatu na fundi hajagusa ndani ya injini, ya pili ikaanza kula oili kabla hata ya laki na nusu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kwahiyo kabla hujaanza kupanga bei na mtu, jifunze kuitambua gari unayoangalia.

Soma namba ya chasisi kwanza

Kama gari ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kazi ni rahisi, ile pleti ya kiwanda kwenye boneti au pembeni ya mlango ina kodi ya modeli inayoanza na herufi tatu au nne, na hizo herufi za mwanzo ndo zinakuambia injini. SXA ni kizazi cha kwanza chenye injini ya 3S. ZCA ni kizazi cha pili chenye 1ZZ ya sisi 1800, hii inavuta tairi za mbele tu. ACA ni injini za AZ (yaani 1AZ na 2AZ), na hapa uwe makini kwasababu ACA zipo kizazi cha pili na cha tatu, ACA20 na 21 ni za kizazi cha pili, ACA31 na 36 ni za kizazi cha tatu. Hizi tatu utazikuta kwenye gari za masoko mengine: ASA ni 2AR ya sisi 2500, ZSA ni 3ZR ya sisi 2000, ALA ni dizeli ya familia ya AD. Kizazi cha tano ukiona MXAA ujue ni ya petroli tupu, AXAH ni haibridi, ya petroli na umeme pamoja.

Kama ni gari ya soko lingine basi tumia namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, ipeleke kwenye mtandao wowote wa kutafuta spea za Toyota itakutolea injini na giaboksi. Au fungua boneti usome kibandiko. Njia yoyote sawa, muhimu usikubali kuambiwa kwa mdomo.

Na hili la soko ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kizazi cha nne hakikuuzwa kabisa Japani, wao waliendelea kuuza kizazi cha tatu mpaka 2016, tena na injini ya 2AZ ya sisi 2400, wakati Marekani hiyo 2AZ ilitolewa kwenye RAV4 tangu modeli ya 2009 ikawekwa 2AR. Kwahiyo mtu anasoma mtandaoni kwamba "RAV4 ya 2012 ni nzuri sana, ina 2AR", anaenda kununua ya 2012 iliyotoka Japani, anapata 2AZ na giaboksi ya CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Mwaka ni ule ule lakini ni gari nyingine kabisa. Vanguard nayo iingize humo humo, ni RAV4 ya kizazi cha tatu iliyorefushwa kwa ajili ya Japani, ina 2AZ au V6 ya 2GR, kila nitakachosema kuhusu kizazi cha tatu kinaihusu.

Kizazi cha kwanza, 1994 hadi 2000

Injini ya nyingi ni 3S-FE ya sisi 2000, bloku la chuma, haina makuu. Inatumia belti ya taimingi ya kubadilisha kila kilomita laki moja, na uzuri wa 3S-FE ni kwamba belti ikikatika valvu hazikutani na pistoni, injini inazima tu, unaweka belti mpya unaendelea na safari zako. Kinachoziua hizi gari siku hizi ni uzee: kutu chini ya bodi na kwenye mikono ya nyuma, mipira ya maji iliyokauka, oili inayovuja kwenye sili, bushi zimeisha zote. Chukua iliyotunzwa, usichukue ya bei rahisi. Sina cha ziada hapa, ukiipata safi ni gari nzuri tu ila kumbuka umri wake, na usalama wa ajali wa gari ya miaka ya tisini usiulinganishe na wa sasa hivi.

Kizazi cha pili, 2000 hadi 2005

Hapa ndo mambo yanaanza kuchanganyika. Ile 1ZZ-FE ya sisi 1800, hasa za miaka ya mwanzo, inajulikana kwa kula oili, pistoni zake zilikuwa na matundu machache ya kurudisha oili kwahiyo ringi zinajaa masizi zinaganda. Baadae walibadilisha pistoni.

1AZ-FSE, ile iliyoandikwa D-4 kwenye gari za Japani, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Nadharia yake nzuri, inabana mafuta, ila kwasababu petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa hakuna cha kuziosha, masizi yanajijenga pale na kwenye throto mpaka gari inakuwa inatetemeka ikisimama, inazimazima, inachelewa kuitikia ukikanyaga. Kuisafisha inawezekana ila fundi inabidi afungue manifoldi, kumwaga dawa kwenye tenki hakusaidii manake hiyo dawa haifiki kwenye valvu. Ukiikuta sailensa yake (mizunguko ya injini gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka, ujue hiyo ni kazi inakusubiri.

1AZ-FE ya kawaida ndo nzuri zaidi kwenye kizazi hiki, lakini familia yote ya AZ ina ugonjwa mmoja ambao lazima uujue, na 2AZ nayo inao. Bloku ni la aluminiamu na bolti za kufunga silinda hedi zinajikita kwenye nyuzi za hiyo hiyo aluminiamu. Baada ya miaka ya joto na baridi nyuzi zinang'oka, hasa bolti za upande wa nyuma, ule unaotazama dashibodi. Bolti inabaki pale imesimama kama kawaida lakini haijakaza kitu, hedi inanyanyuka kidogo, maji yanaanza kuvuja taratibu nyuma ya injini ambako hamna mtu anapaangalia, alafu siku moja gari inachemsha. Sasa fundi asiyeijua injini hii atakuambia gasketi ya hedi imeungua, atabadilisha gasketi, atarudisha bolti zile zile kwenye nyuzi zile zile zilizokufa, na wiki mbili tatu mbele unarudi pale pale. Dawa yake ni kutoboa na kuweka nyuzi mpya za chuma kwenye matundu ya bloku, ikiwezekana yote, alafu hedi ipimwe kama imepinda ndo ifungwe. Ikifanywa hivyo inakuwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Kwahiyo ukikuta AZ ambayo mwenye nayo ana risiti ya kazi hiyo, usiikimbie, hiyo ni sifa.

Kitu cha pili cha kizazi hiki ni kompyuta ya injini kwenye gari za otomatiki za 2001 hadi 2003. Lehemu za ndani zinapasuka, kompyuta inaanza kuipa giaboksi amri za ovyo, gia zinaingia kwa kishindo, na ukiendelea kuendesha hivyo hivyo giaboksi yenyewe inakufa. Toyota Marekani walifika mahali wakaongeza dhamana kwa ajili ya hili. Watu wengi walibadilisha giaboksi nzima wakati mgonjwa alikuwa kompyuta, wakafunga giaboksi nyingine nayo ikauliwa na kompyuta ile ile. Ukiendesha moja ya hizi ukasikia kishindo kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, usidanganywe kwamba ni oili ya giaboksi tu imechoka, mpaka kompyuta iwe imepimwa.

Kizazi cha tatu, kuanzia mwisho wa 2005

Hiki ndo kipo kwa wingi sokoni na ndicho chenye tofauti kubwa zaidi kati ya gari na gari, kwahiyo nitakaa hapa.

2AZ-FE ya 2006 hadi 2008 ndo inayobeba lawama za kula oili. Sababu ni ringi za oili na yale matundu madogo kwenye pistoni, yanaziba kwa masizi, ringi zinashindwa kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda, oili inabaki juu inaungua. Mwaka 2014 Toyota walitoa mpango Marekani wa kubadilisha pistoni na ringi kwenye magari kadhaa yenye injini hii, RAV4 za 2006 hadi 2008 zikiwemo, na kipimo chao kilikuwa gari ikila zaidi ya kama lita moja kasoro kidogo ndani ya kilomita 1,900 hivi basi inastahili. Mpango huo ulishaisha muda wake zamani, ila gari zilizofanyiwa zipo na karatasi zake zipo. Za miaka ya baadae malalamiko ni machache sana.

Mi msimamo wangu ni huu: 2AZ inayokula oili kidogo sio gari ya kuitupa, inatembea vizuri, haipungui nguvu kwa namna ya kuisikia, na ndo maana inaua. Mwenye nayo hajui kama inakula, anasubiri sevisi ya kilomita elfu kumi, kumbe kwenye elfu sita dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili) ilishakauka, cheni ya taimingi inakimbia bila oili, beringi za krenki zinasagika, alafu inagonga. Injini haikufa kwa kula oili, imekufa kwa kukosa mtu wa kuchomoa dipstiki. Na 2AZ ina mawili kwa pamoja, oili na zile nyuzi za hedi nilizosema juu, kwahiyo ukikagua kagua yote mawili.

2AR-FE ya sisi 2500 iliyoingia kwenye modeli ya 2009 Marekani na masoko mengine, hiyo ndo ningeitafuta kwa tochi. Inatumia cheni, haina sifa ya kula oili, haina ule ugonjwa wa nyuzi. Inachojulikana nacho ni pampu ya maji kuvuja, utaona madoa ya waridi yaliyokauka karibu na puli za belti, na baadhi zina mlio wa kukwaruza wa sekunde moja au mbili zikiwashwa asubuhi zikiwa baridi, unatoka kwenye gia ya kamshafti ya VVT-i, ule mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka. Pampu ni kazi ya kawaida, mlio ule ukiwa mfupi sio dharura ila ukiwa mrefu ujue utalipia.

V6 ya 2GR-FE ina nguvu za ajabu kwa gari ndogo kiasi kile, na yenyewe ni injini nzuri. Ila za mwanzo zina bomba la oili la VVT-i ambalo katikati lina kipande cha mpira, mpira ukipasuka oili yote inamwagika ndani ya dakika chache tu na injini imekwisha. Toyota walilibadilisha likawa la chuma tupu. Hili kagua kwa macho yako, liko upande wa belti, na kama bado lina mpira badilisha kabla hujaendesha hata safari moja ndefu.

Dizeli ya 2AD ya sisi 2200 inajulikana kwa gasketi ya hedi na uso wa bloku kuliwa pale gasketi inapokaa, na hilo sio la kurekebisha kwa gasketi mpya tu. Mi binafsi hiyo naipita.

Nje ya injini, kizazi hiki kina mambo mawili ambayo hayahusiani na ugumu wa injini ila yanahusu uhai wako. Mwaka 2012 za 2006 hadi 2011 ziliitwa kurudi Toyota kurekebishwa sababu ya mikono ya nyuma, ile yenye nati ya kurekebishia mlalo wa tairi, nati isipokazwa vizuri baada ya kufanyiwa alaimenti nyuzi zinaliwa na kutu mpaka mkono unaachia. Mwaka 2016 zikaitwa tena pamoja na Vanguard, kwamba kwenye ajali kubwa chuma cha kiti cha nyuma kinaweza kukata mkanda. Ingiza namba ya gari kwenye mtandao wa Toyota wa nchi iliyouziwa uone kama zote mbili zilifanyika.

Cha nne na cha tano

Kizazi cha nne, cha kuanzia modeli ya 2013, ndo kile mlango wa nyuma ulianza kufunguka kwenda juu na tairi ya akiba ikatolewa mlangoni. Ikiwa na 2AR na giaboksi ya gia sita kwangu hiyo ndo RAV4 ya petroli iliyotulia kuliko zote, kila kitu ndani yake kilishajaribiwa kwenye gari zilizotangulia. Ya 3ZR yenye CVT ni sawa pia kama oili ya CVT imebadilishwa, neno "oili ya maisha" usilikubali, oili ya giaboksi inazeeka kama oili yoyote. Angalia betri ya kawaida: mwaka 2023 Toyota waliziita za 2013 hadi 2018 Marekani kwasababu mtu akiweka betri yenye kichwa kidogo kuliko inayotakiwa, kile kibano kinaweza kulegea betri ikasogea kwenye kona, ncha ya chanya ikagusa chuma ikaleta moto. Unaitikisa kwa mkono tu, isicheze.

Haibridi ya kizazi hiki ni imara sana, ina 2AR ile ile ya aina ya haibridi na haina CVT ya mkanda, ni gia za sayari ambazo hazina cha kuisha haraka. Adui wake ni vumbi. Betri kubwa inapoozwa na feni inayovuta hewa kutoka chini ya kiti cha nyuma, pakiziba na manyoya na vumbi betri inaiva taratibu. Piga magoti, angalia ile grili, ukikuta pamejaa uchafu na gari ina laki na nusu basi umeshajua mwenye nayo alikuwa mtu wa aina gani.

Kizazi cha tano, kilichoanza kuuzwa mwisho wa 2018, kwa hapa naongelea kifupi. A25A ina injekta za aina mbili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, kwahiyo yale masizi ya D-4 ya zamani hayasumbui kihivyo. Baadhi za 2019 na 2020 ziliitwa kwa ajili ya bloku kupasuka na kuvuja maji, hilo nalo linaonekana kwenye namba ya gari. Kwa haibridi yenye mota ya nyuma kuna kebo nene ya umeme mkubwa inayokwenda nyuma, kwenye nchi zenye chumvi barabarani kiungio chake kinaliwa na kutu, na ni spea ya gharama kubwa mpaka Toyota wakaongeza dhamana Marekani na Kanada. Kama gari imetoka nchi ya theluji ipandishe juu uione hiyo kebo, usiambiwe. Haibridi za mwanzo pia zilikuwa na tenki lisilojaa mpaka mwisho, inaudhi ila haiharibu gari.

Sasa siku ya kwenda kuiangalia

Sharti la kwanza, injini iwe baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Kuna siku nilifika kwenye gari muda ule ule tuliopanga, nagusa boneti ina moto, nauliza naambiwa ilipelekwa kuoshwa. Nikaaga, kesho yake asubuhi mapema nikarudi bila kupiga simu, ikawashwa mbele yangu, wingu la bluu likajaa nyuma kama sekunde kumi alafu likapotea kabisa, na ikishapata moto hutakaa ulione tena siku nzima. Ndo maana wengine wanaipasha kwanza.

Kabla ya kuwasha chomoa dipstiki. Oili ikiwa chini sana ni habari mbaya, ikiwa imejaa na safi kabisa wakati risiti ya mwisho ya sevisi ni ya miezi mitano nyuma, nayo ni habari, manake imeongezwa jana. Fungua kifuniko cha kujazia oili uangalie ndani kwa tochi, ukiona rangi ya kahawia ya kung'aa sawa, ukiona tope jeusi lililoganda ujue hii gari haikumwagwa oili kwa wakati. Ingiza kidole kwenye egzosi: masizi makavu ni kawaida, masizi yenye unyevu wa mafuta mafuta sio kawaida.

Kwa AZ yoyote chukua simu, washa tochi na kamera, ipitishe nyuma ya injini pale hedi inapokutana na bloku, rekodi video alafu itazame taratibu. Unatafuta ukoko wa waridi au mweupe wa maji ya rejeta yaliyokauka. Kwenye dumu la akiba maji yawe na rangi yake, kama ni maji matupu ya bomba jiulize kwanini mtu alikuwa anaongeza ongeza.

Sikiliza ikiwaka. Iache isimame dakika kumi na tano AC ikiwa imewashwa, usiondoke hapo, uangalie feni zinapiga na mshale wa joto hausogei. Baada ya hapo kanyaga mara moja mpaka kama mizunguko elfu tatu uangalie nyuma, moshi wa bluu ukitoka baada ya kusimama muda mrefu mara nyingi ni sili za valvu, ukitoka pale unapokanyaga kwa nguvu kupanda mlima mara nyingi ni ringi. Sili za valvu ni kazi ndogo, ringi ni kushusha injini.

Barabarani tafuta sehemu uende taratibu, uende kasi, upande mlima kama upo. CVT isitetemeke ukiondoka taratibu. Otomatiki ya kawaida isipige kishindo. Kukiwa na mvumo unaoongezeka na kasi, yumbisha usukani kidogo kushoto na kulia: ukibadilika ni beringi ya tairi, usipobadilika kabisa na unatokea nyuma katikati basi shuku beringi za kapilingi ya 4WD, kile kiungio kinachopeleka nguvu tairi za nyuma, mbele ya difu, na kapilingi ni ghali mara nyingi kuliko beringi ya tairi. Kwenye eneo tupu kata usukani mpaka mwisho uzunguke pole pole, gari ikikwama kwama kama inavutwa nyuma, difu au kapilingi haiachii. Kabla ya kumlaumu fundi yeyote angalia tairi zote nne, saizi moja, aina moja, zimelika sawa, manake tairi mbili mpya na mbili zilizokwisha kwenye 4WD zinaifanya kapilingi ifanye kazi muda wote hata kwenye lami mpaka inaungua.

Kuhusu kilomita za dashibodi sitaongea sana, zinarudishwa. Mpira wa pedali ya breki uliolika mpaka chuma na usukani uliong'aa kwenye gari inayosema kilomita elfu sabini, hapo umeshajibiwa. Mi naamini zaidi bahasha ya risiti. Gari ya kilomita laki mbili na nusu yenye risiti za oili kila elfu saba naichukua mbele ya gari ya laki moja isiyo na karatasi hata moja, na hasa kwa 2AZ, kwasababu masizi kwenye ringi yanajengwa na oili iliyokaa muda mrefu.

Mwisho wa ukaguzi chomeka mashine ya kusoma hitilafu. Usiridhike na kwamba hamna kodi za hitilafu, angalia kama zimefutwa karibuni, mashine nyingi zinaonyesha umbali au muda tangu zifutwe. Zikiwa zimefutwa kilomita 20 zilizopita, kuna taa ya cheki injini ilikuwa inawaka.

Ukishainunua

Mwaga oili zote wiki ya kwanza, ya injini, ya giaboksi, ya difu na ya transfa kama ni 4WD, na uweke aina iliyoandikwa kwenye kitabu: otomatiki ya kizazi cha pili inataka ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya T-IV, kuanzia cha tatu otomatiki inataka WS, CVT ina oili yake peke yake na ukiweka ATF ya kawaida umeiua. Ikiwa ni 3S na hujui belti ilibadilishwa lini, badilisha pamoja na pampu ya maji. Badilisha maji ya rejeta yawe ya waridi ya Toyota au yanayofanana nayo. Oili ya injini kwa AZ na ZZ usivuke kilomita 7,000, elfu tano ni bora zaidi.

Alafu pima inakula kiasi gani, usikisie. Paki sehemu tambarare asubuhi, oili iwe juu kabisa kwenye alama ya mwisho, andika kilomita. Kila ukijaza mafuta chomoa dipstiki uandike. Ukishatembea kilomita 1,900 tangu ulipoandika jaza mpaka ile alama ya juu kwa chupa yenye vipimo uone imeingia kiasi gani. Ikiingia chini ya robo lita sahau, endelea na maisha. Nusu lita weka chupa ya oili kwenye buti na uendelee kuangalia kila ukijaza mafuta, unaweza kwenda hivyo miaka. Ikikaribia lita anza kuweka hela ya pistoni na ringi pembeni, na fundi akifungua hakikisha anaweka pistoni za toleo jipya na sio ringi peke yake, na kwa kuwa hedi itakuwa imeshatoka muwekee na zile nyuzi za chuma kwenye bloku hapo hapo.